Daftari la mambo ya angani lifunguliwe, na lisitupwe

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni mama mstaafu, mkazi wa Voi. Kwa miaka 31 kazi yangu ilikuwa kutazama mbingu na kuandika nilichokiona: wingu limefunika sehemu ngapi kati ya nane, upepo unatoka wapi, macho yanafika umbali gani. Kila saa, mvua inyeshe isinyeshe.

Majuzi mjukuu wangu aliniita nje usiku. "Nyanya, njoo uone!" Taa nyeupe zilikuwa zikipita moja nyuma ya nyingine kama shanga kwenye uzi, kimya kabisa. Nilimweleza kwamba ni setilaiti za intaneti za kampuni ya Starlink zilizorushwa karibuni, ambazo bado hazijatawanyika. Kufikia asubuhi mtaa ulikuwa na maelezo yake: kuna aliyesema ni silaha, kuna aliyesema ni dalili za siku za mwisho. Siwalaumu majirani zangu. Hakuna ofisi ambayo wangeiendea kuuliza, na hakuna daftari ambalo wangeandikishia walichokiona.

Jambo hili linanichoma kwa sababu lilinipata mimi mwenyewe. Usiku mmoja wa baridi ya mwezi wa saba, nikiwa zamu peke yangu, niliona taa sita za rangi ya machungwa zikipita pamoja kutoka upande wa Taveta kuelekea Mombasa. Zilikwenda taratibu kuliko kimondo. Hazikuwa na mlio. Moja ilikatika ikawa mbili. Nilinyoosha mkono, nikakunja ngumi na kupima kama tulivyofundishwa: ngumi tatu juu ya upeo wa macho, yaani kama nyuzi 30. Nikaandika yote kwenye safu ya maelezo, pamoja na saa na dakika.

Asubuhi mkubwa wangu alisoma, akaniambia nisilete mambo ya majini kwenye daftari la serikali. Alitaka nifute. Sikufuta. Kwenye kazi yetu maandishi ya zamu hayafutwi. Ukikosea unapitisha mstari mmoja mwembamba ili lililoandikwa liendelee kusomeka. Na mimi sikuwa nimekosea.

Miaka kadhaa baadaye ofisi ilihamia jengo lingine na madaftari ya zamani yakatupwa. Nilijua hivyo siku niliyonunua njugu stendi, nikafungua karatasi na kukuta mwandiko wangu. Nilimnunulia yule kijana pembe zote za njugu alizokuwa nazo kwenye sinia. Nilizikunjua moja moja nyumbani. Ukurasa wa usiku ule haukuwemo.

Leo nadhani nilichokiona kilikuwa kipande cha roketi kikiungua wakati kinarudi duniani. Ndivyo vinavyoonekana, taratibu, bila sauti, vikikatika. Kuna orodha za vyombo vilivyoanguka kutoka kwenye mzingo, yaani njia ya kuizunguka dunia, zenye tarehe na saa. Ningekuwa na ukurasa wangu ningelinganisha jioni moja tu. Nilichonacho ni "mwezi wa saba, 1993 au 1994", na hicho hakilingani na chochote. Swali ambalo lingejibiwa nimekaa nalo miaka 30.

Tangu nistaafu nimekuwa nikisoma jinsi serikali nyingine zilivyotunza kumbukumbu za namna hii. Uingereza ndiyo imenigusa zaidi. Julai 28, 1952, Winston Churchill, akiwa waziri mkuu, alimwandikia waziri wake wa anga akitaka kujua habari hizi za visahani vinavyoruka zina maana gani na ukweli wake ni upi. Alijibiwa mwezi uliofuata, kwamba visa vyote vilivyochunguzwa vilikuwa na maelezo ya kawaida. Barua zile zipo hadi leo na mtu yeyote anaweza kuzisoma. Lakini ripoti za wananchi wa kawaida za miaka hiyo nyingi hazipo, kwa kuwa hadi 1967 ilikuwa desturi ya serikali kuyaharibu mafaili hayo baada ya miaka mitano. Swali la mkubwa lilitunzwa, la mdogo likachomwa. Baadaye walijirekebisha. Kati ya 2008 na 2013 walifungua zaidi ya kurasa 50,000, majina ya waliotoa habari yakiwa yamefunikwa kwa wino mweusi ili wasisumbuliwe.

Hata hivyo, mwaka 2009 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilifunga meza iliyopokea ripoti hizo, ikisema kwamba kwa zaidi ya miaka 50 hakuna hata moja iliyoonyesha hatari kwa nchi. Hapo siwaungi mkono. Mimi nimeandika "hakuna mvua" mara elfu nyingi, na ni hizo sifuri zinazomwezesha mtu leo kujua ukame ulianza lini.

Wamarekani nao walikusanya ripoti 12,618 kuanzia 1947 hadi 1969 walipofunga mradi wao wa jeshi la anga, na 701 zikabaki bila jibu. Mwaka 2021 walitoa taarifa nyingine ya ripoti 144, nyingi zikitoka kwa marubani wa jeshi. Ni moja tu waliyoweza kuieleza kwa uhakika: puto kubwa lililokuwa likiishiwa hewa.

Niliposoma hivyo nilielewa vizuri sana, kwa kuwa maputo nimeyarusha kwa mikono yangu. Ukilirusha jioni, jua likishazama kwako, puto lililoko juu bado linapigwa na jua. Linang'aa kama taa. Kwa kuwa linazidi kupaa huku likisogea mbali nawe, unaweza kuapa limesimama mahali pamoja. Kisha linaingia kwenye kivuli na kutoweka ghafla. Mtu akiniambia ameona kitu hicho simcheki, kwa sababu ameona sawasawa. Kinachobaki ni kumuuliza saa, na upande.

Ripoti ya Wamarekani ya Novemba 2024 ndiyo ningependa viongozi wetu waisome. Walipokea ripoti 757. Magazeti mengi yalishikilia zile 21 zilizosemwa zinastahili uchunguzi zaidi. Mimi nashikilia 444. Hizo ziliwekwa kando kwa sababu hazikuwa na maelezo ya kutosha kuzichunguza. Wafaransa, ambao kituo chao cha anga za juu kimefanya kazi hii tangu 1977 kule Toulouse na kufungua mafaili yake kwenye intaneti mwaka 2007, wana hata herufi ya aina hiyo. Kisa kilichoelezeka wanakipa A au B, kisichoelezeka baada ya uchunguzi wanakipa D, na kile ambacho habari zake ni pungufu wanakipa C. Usiku wangu ule wa Julai sasa ni C. Ulipoandikwa haukuwa hivyo.

Na sisi huku hatujawahi kukosa mambo ya kuandika. Asubuhi ya Februari 19, 1951, rubani na abiria wa ndege ya East African Airways iliyotoka Nairobi kwenda Mombasa walisema wameona kitu kimetulia juu ya Kilimanjaro. Kisa hicho kinasimuliwa hadi leo na watu wa ng'ambo. Mimi nimeukodolea macho mlima huo maisha yangu yote, na nayajua mawingu yake yenye umbo la dengu: upepo unapita kwa kasi, wingu lenyewe halisogei. Sidai kwamba ndilo waliloliona. Ningeanza kwa kutafuta vipimo vya upepo vya asubuhi ile.

Karibu zaidi, Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Shirika letu la Anga za Juu lilifika, likaichukua, na baada ya siku mbili likatangaza kwamba ni pete ya roketi ya kurushia vyombo angani. Nawapongeza kwa moyo wote. Lakini waliokuwa nje saa tisa alasiri wakaona au kusikia kitu kabla hakijatua, maneno yao yameandikwa wapi? Kilo 500 zikianguka tutaziona wenyewe. Kilichopita juu kikaenda kuanguka baharini kinategemea mtu mmoja aliyeinua macho.

Ninachoomba si kikubwa. Kila ofisi ya chifu na kila kituo cha polisi kiwe na daftari moja la mambo ya angani, lenye safu chache: tarehe, saa na dakika, mahali alipokuwa mtu, upande alioangalia, ngumi ngapi kutoka upeo wa macho, muda, rangi, mlio, mawingu. Mwisho wa mwezi nakala iende kwa Shirika la Anga za Juu na kwa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Jibu likipatikana liandikwe kwenye mstari uleule, na lisipopatikana liandikwe hivyo. Daftari likijaa lipelekwe Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi. Kama kuna la kijeshi la kufichwa lifichwe hilo peke yake. Mengine yafunguliwe, kwa kuwa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinatupa haki hiyo, na majina ya watu yafunikwe kama walivyofanya Waingereza.

Kuna watakaosema nchi ina njaa na madeni, mama huyu anatuletea taa za usiku. Daftari la kurasa 200 na kalamu ni bei ya mkate na maziwa.

Nikiwa nasubiri, nimeanza na mjukuu wangu. Tumechora safu hizo kwenye daftari lake la hesabu alilomaliza nusu. Mstari wa kwanza ni zile taa kama shanga: tarehe, saa 1:52 jioni, zikitoka kusini-magharibi, ngumi nne, dakika tatu, bila mlio, mawingu sehemu mbili kati ya nane. Kwenye safu ya mwisho tumeandika "Starlink", kisha yeye akaniuliza kama tuna uhakika. Nikamwambia aongeze neno "huenda" mpaka tutakapolinganisha na ratiba yao. Nakala tutaipeleka kwa chifu Jumatatu.

Mpima hali ya hewa mstaafu,
Voi, Kaunti ya Taita Taveta