Waliokamatwa waulizwe, wapimwe, na siri zao zilindwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalopita mbele ya macho yetu kila asubuhi katika mahakama za Mombasa: washtakiwa wanaotumia dawa za kulevya. Mimi ni mkalimani wa mahakama niliyestaafu, ingawa bado huitwa wa zamu anapokosekana. Hakimu hukaa juu, kiongozi wa mashtaka hukaa mbele, wakili akiwepo huwa pembeni. Mkalimani ndiye anayesimama ubavuni mwa mshtakiwa, akamtazama usoni na kusikia hata anavyopumua.

Kwa miaka mingi nilizoea kumwona mtu wa unga, yaani heroini. Akiletwa kizimbani baada ya usiku mmoja seli, unamjua kabla hajataja jina lake. Anapiga miayo mfululizo, makamasi yanamtoka, macho yanalengalenga machozi, na ngozi ya mikono imesimama vipele kama kwamba Mombasa kuna baridi. Amejikunja tumbo. Ni arosto hiyo, mateso ya mwili uliokosa dawa uliyoizoea, na mtu wa namna hii hukubali shtaka lolote ilimradi amalizane na mahakama atoke. Nimetafsiri "ni kweli" nyingi ambazo moyoni nilijua zimesemwa na arosto.

Sasa naona mtu mwingine kabisa. Huyu hapigi miayo. Taya zinasaga bila kitu mdomoni, vidole haviachi kuchezea ukosi wa shati, na maneno yanamtoka mbio hata mkalimani humfikii. Au ni kinyume chake: analetwa akiwa usingizini, anaegemea kizimba, jina lake linaitwa mara mbili tatu haitikii, na askari anadhani ni kiburi. Usingizi huo ni wa mtu aliyekesha siku kadhaa bila kulala wala kula, halafu dawa ikamwisha mwilini. Dawa yenyewe ni methamfetamini, ile wanayoiita aisi.

Nitaje mmoja tu. Kijana wa miaka ishirini na kitu, ameshtakiwa kwa kung'oa mita za maji na kuziuza kwa vyuma chakavu. Midomo ilikuwa na malengelenge ya moto, na ncha za kidole gumba na cha shahada zilikuwa zimeungua zikawa ngumu, kwa sababu wanaivutia kwenye kigae cha balbu kinachopashwa moto kwa chini. Aliniamkia kwa adabu, "Shikamoo mzee," nikamwitikia. Kisha akaninong'oneza: "Mzee wangu, mwambie mheshimiwa wale wawili kule nyuma wananipiga picha tangu juzi." Nikageuka. Kule nyuma walikuwa wamama wawili wamekaa na vikapu vyao, wanasubiri kesi ya mirathi. Kiapo cha mkalimani ni kutafsiri kila neno, nikalitafsiri na hilo. Hakimu, Mungu amjalie, alielewa kuwa yule mtoto ni mgonjwa, akampa dhamana na kuagiza familia imtafutie matibabu.

Dada yake akamchukua hadi kliniki inayotoa methadoni. Wakampima, wakamwambia huyu hana unga mwilini, methadoni haimhusu. Na walisema kweli. Methadoni hukaa mahali pa heroini. Ukimpa mtu ambaye mwili wake haujazoea dawa za jamii hiyo unaweza kumkata pumzi. Lakini dada aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Sasa baba, nimpeleke wapi?" Alirudi naye nyumbani. Haukupita muda yule kijana alikuwa tena kizimbani, safari hii kwa kumjeruhi jirani aliyedhani anamfuata.

Mhariri, hapa ndipo hoja yangu ilipo. Kila tulichokijenga Pwani kwa ajili ya waathirika wa dawa za kulevya tulikijenga tukimwazia mtu wa unga. Ilikuwa haki, maana unga ulitumalizia watoto tangu miaka ya 1980 na 1990. Kenya ilipoanza kutoa methadoni mwishoni mwa 2014, Pwani haikuchelewa kuifuata, na wapo vijana wa Kisauni na Mji wa Kale ambao leo wanafanya kazi, wanaoa, wanasali safu ya mbele kwa sababu ya kikombe kile cha kila siku. Ila kwa methamfetamini hakuna dawa ya namna hiyo iliyoidhinishwa popote duniani. Kinachosaidia ni kumpumzisha mtu, kumlisha, kumtuliza wasiwasi, kisha ushauri nasaha wa muda mrefu, na mpango wa kumpa zawadi ndogo kila mkojo wake unapoonekana safi. Huduma hiyo inataka watu wengine, vyumba vingine, bajeti nyingine. Na bajeti haitoki bila hesabu.

Hesabu tuliyo nayo inatoka wapi? Utafiti wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ulipita nyumba kwa nyumba, ukawauliza watu wa miaka 15 hadi 65. Ni kazi ya maana na naiheshimu. Lakini yule kijana wa mita za maji asingepatikana nyumbani. Alikuwa maskani wanakovutia, au seli, au gereza la Shimo la Tewa akisubiri kesi. Na kama angekuwepo, ni mama yake ambaye angefungua mlango, na mama wa Kiswahili hamtajii mgeni mwenye karatasi aibu ya mwanawe.

Wenzetu waliliona hili zamani. Marekani ilianza mwaka 1987 kuwaomba watu waliokamatwa karibuni wakubali mambo mawili: kujibu maswali na kutoa mkojo. Mpango huo baadaye ukaitwa ADAM. Haukuwa wa lazima, majina hayakuandikwa, na majibu hayakupelekwa kwa mwendesha mashtaka. Wengi walikubali. Yaliyoonekana yaliwashangaza, kwa sababu methamfetamini haikuwa imeenea nchi nzima sawasawa. Mwaka 2003, kule Honolulu, karibu wanaume 4 kati ya kila 10 waliokamatwa walikuwa nayo mwilini, na miji kama Phoenix na San Diego haikuwa mbali, ilhali katika miji mingi ya mashariki ya nchi hiyo hiyo ilikuwa karibu haionekani kabisa. Zaidi ya hayo, katika miji kadhaa wanawake waliokamatwa walikutwa nayo kwa kiwango cha juu kuliko wanaume. Nani hapa kwetu anayemfikiria mwanamke anapotaja aisi?

Australia nao walianza mpango wao, DUMA, mwaka 1999, katika seli za polisi. Miaka miwili baadaye heroini ikaadimika ghafla nchini mwao, na kwa kuwa walikuwa tayari wanapima, waliona mabadiliko hayo yakiingia seli yalipokuwa yakitokea. Sisi pia tuliwahi kupata ukame wetu. Wenye kumbukumbu watakumbuka kuanzia Desemba 2010 hadi miezi ya mwanzo ya 2011, unga ulipokatika Pwani. Nilikuwa kazini. Vijana waliletwa mahakamani wamelewa bugizi na vidonge vingine vya usingizi, wamechanganya na pombe, wengine hawawezi kusimama. Hakuna aliyepima wala kuandika lolote pale seli. Unga uliporudi, tukasahau.

Wapo watakaosema aisi ni ugonjwa wa mbali. Nawaomba watazame bahari yao. Ndugu wawili wa familia ya Akasha wa hapa Mombasa walipopelekwa Marekani Januari 2017 na kukiri makosa yao mwaka uliofuata, mashtaka hayakuwa ya heroini pekee, methamfetamini ilikuwemo. Baktash alifungwa miaka 25 mwaka 2019, Ibrahim miaka 23 mwaka 2020. Kule Afghanistan, watengenezaji walijifunza kuipika kutokana na mmea wa porini uitwao efedra, na majahazi yaliyokuwa yakishusha heroini katika pwani ya Afrika Mashariki yakaanza kubeba zote mbili. Oktoba 2025 jahazi moja lilikamatwa baharini na kuletwa bandarini kwetu likiwa na zaidi ya tani moja ya methamfetamini, mabaharia sita wa Iran ndani yake. Tunajua unga ulianzaje: ulikuwa wa kupita tu, kisha vijana wa kazi wakalipwa kwa mzigo badala ya pesa, na mzigo ukabaki mitaani.

Kwa hiyo napendekeza Mombasa ianze, hata kwa vituo vitatu vya polisi, kimoja kisiwani, kimoja Kisauni, kimoja Likoni. Katiba yetu, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi inayofuata. Methamfetamini hubaki kwenye mkojo siku mbili hadi nne hivi. Ina maana mtu akiulizwa siku ya kwanza, kipimo bado kinasema kweli. Aulizwe alivuta, alimeza au alijidunga, mara ya mwisho lini, amelala lini, anachanganya na unga ili ateremke, au anatumia hiyo pekee. Swali hili la mwisho naliona ndilo kubwa kuliko yote. Anayechanganya, methadoni inaweza kumtoa nusu ya shimo. Asiyechanganya hana pa kwenda, na tunapaswa kumjengea.

Najua pingamizi. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya 1994 inafanya kutumia kuwe kosa, basi nani atakayetoa mkojo wake kwa hiari ndani ya kituo cha polisi? Hakuna, kama chupa itashikwa na askari. Ndiyo maana nasema mwulizaji asivae sare, karatasi isiwe na jina wala namba ya kesi, na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aahidi kwa maandishi kuwa majibu hayataguswa na upande wa mashtaka. Bila ahadi hiyo iliyoandikwa na kutangazwa, mimi mwenyewe ningemshauri kijana akatae. Katiba hiyo hiyo inamlinda asilazimishwe kukiri.

Wengine watasema kwa nini tujisumbue, tunajua wale vijana wa mapanga wanatumia nini. Hapana, hatujui. Kila genge linapovamia mtaa, anayehojiwa anataja dawa inayomjia mdomoni: leo bugizi, kesho muguka, keshokutwa aisi. Mwaka 2024 serikali ya kaunti ilipiga marufuku muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, na tukagombana nchi nzima. Sisemi walikosea. Nasema ule mjadala ungekuwa mwingine kama tungekuwa na hesabu za seli mkononi.

Na kuna jambo lisiloweza kusubiri utafiti wowote. Methamfetamini hupandisha joto la mwili na kuukimbiza moyo. Seli zetu wakati wa kaskazi, Februari na Machi, mtu mzima asiyetumia kitu hutoka jasho hadi sakafu ikalowa. Katika kituo kimoja hapa mjini nilioneshwa seli ya watu wengi kuliko nafasi, dirisha moja la juu, ndoo moja. Usiku ule mmoja wao alikuwa amekesha akiongea na ukuta, wenzake wakampiga ili anyamaze. Asubuhi alikuwa amechomeka kwa joto, ngozi kavu, hajui yuko wapi. Askari kijana wa zamu alimmwagia maji kwa huruma yake na akaniita nimwulize jina. Hakuweza kulitaja. Alipelekwa hospitali akapona, nashukuru, lakini yule askari aliniambia wazi kuwa hakuna aliyewahi kumfundisha dalili hizo. Angefundishwa kwa asubuhi moja tu: mtu wa arosto unamwona hivi, mtu wa aisi unamwona hivi, huyu wa pili mpe maji, mtoe kwenye msongamano, usimfokee wala kumkaba, na akiwa na joto kali au maumivu ya kifua ni hospitali mara moja. Mkuu wa kituo yeyote mwenye nia anaweza kulipanga hilo wiki hii na daktari wa karibu.

Neno moja kwa watakaolipia mpango huu ukianza. Marekani waliusimamisha wao mwaka 2004 kwa kukosa fedha, wakaufufua 2007 katika miji 10 tu, kisha ukafa tena baada ya miaka michache. Ya kwetu iwe ndogo, vituo vitatu, lakini ipangiwe fedha katika bajeti ya kaunti na isitegemee mfadhili anayeondoka.

Waulizaji wapo. Wapo vijana waliotoka kwenye unga, wanaojua maskani zote kuanzia Mwembe Tayari hadi Mtongwe, na mtuhumiwa atamwambia mwenzake asichonieleza mimi wala daktari. Wafundishwe kuuliza na kunyamaza. Mimi nimeshaandika maswali kwa Kiswahili cha mitaani kwetu, ukurasa mmoja na nusu, na nitampa bure yeyote katika idara ya afya ya kaunti atakayeyataka. Nitakuja na kukaa nao pia, siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana.

Mkalimani mstaafu wa mahakama,
Kisauni, Mombasa