Wateja wamekomaa na bei za zamani

Fumo ndugu yangu,

Za Mwanza? Huku Tanga sote wazima, mvua tu ndiyo imetuchosha. Shemeji yako anakusalimu, na kikapu chake hajakisahau.

Ni tovuti ya lile duka la vipuri. Bei zimebadilika, kwenye seva ziko sawa kabisa, ila wateja wanafika kaunta na simu mkononi wakidai bei za zamani, na mwenye duka ananipigia mimi! Nimechungulia heda, yale maelekezo seva inayotuma pamoja na ukurasa: fundi aliyetangulia kaweka Cache-Control: max-age=31536000 kwa kila kitu. Yaani brauza itumie nakala yake bila kuuliza mwaka mzima, Fumo. Picha na CSS (mafaili ya mwonekano) sawa, ukibadilisha jina la faili brauza inavuta mpya. Lakini ukurasa wenyewe wa bei?

Kurasa zote za HTML sasa nimezipa no-cache. Mwenye duka alitaka no-store, pasihifadhiwe kitu popote. Nikakataa, bando la watu si la kuchezea. Kwa no-cache simu inaweka nakala, ila kabla ya kuionyesha lazima iulize: inatuma ETag yake, alama ya toleo ililonalo, na kama hakuna kilichobadilika seva inajibu 304, yaani haijabadilika, bila kuutuma ukurasa upya. No-store nimeiachia malipo tu. Kurasa za akaunti nimeongeza private, nakala ikae kwenye simu ya mwenyewe tu, CDN (seva za kati zinazogawa nakala kwa wateja) isije ikampa Mzee Kombo oda ya mtu mwingine. Unamjua, tungesikia hadi Pangani.

Sasa hao waliokwisha kufungua ule ukurasa ndio wananinyima usingizi. CDN nimeisafisha, hiyo rahisi, lakini simu ya mtu naifikiaje? Nakala yake inahesabika mbichi hadi mwaka uishe, haina sababu ya kuniuliza chochote. Nihamishe bei kwenye anwani mpya? Ukurasa wa mwanzo nao umeganda, na viungo vyake ni vya kule kule.

Kinachofika kwangu bado ni kitufe cha kuweka bidhaa kikapuni, kwa kuwa ni POST, ombi la kutuma data ambalo brauza hailijibu kwa nakala yake. Nikiambatanisha Clear-Site-Data: "cache", heda ya kuiambia brauza ifute nakala zake za tovuti, kwenye jibu lake, je? Umewahi kuijaribu kwenye simu za bei nafuu? iPhone za zamani zinaitii? Au nimwambie tu abandike karatasi kaunta, "bei sahihi ni hizi"? Jumamosi utakuwa hewani tuipitie pamoja? Na Juma, ile laptop alishairudisha?

Wako,
Athumani