Gari likikosa nguvu mlimani, usichomoe betri kabla ya kutuletea

Juzi mteja mmoja aliondoka hapa gereji kwetu Ipogolo, Iringa, akilalamika kwamba tumemlipisha shilingi 30,000 za kupima gari kwa kuchomeka waya wa mashine ya kusoma hitilafu tu. Si wa kwanza kusema hivyo, na inatuuma, maana kwenye gari lake kuchomeka waya ndiyo kazi iliyochukua muda mfupi kuliko zote.

RAV4 yake ilikuwa ikipanda mlima Kitonga inakata nguvu. Anakanyaga mafuta, mshale wa mwendo unazidi kurudi. Ikifika tambarare, inakwenda kama haijawahi kuumwa. Kabla ya kuja kwetu alishanunua plagi nne na koili mbili kwa ushauri wa rafiki. Kisha taa ya injini ilipowaka, akachomoa betri ili izimike.

Hapo ndipo alipojiumiza. Taa ile ikiwaka, kompyuta ya gari huhifadhi namba ya hitilafu pamoja na hali ya injini wakati huo huo: mwendo, mizunguko, joto, mzigo. Ukichomoa betri, au ukifuta kwa kile kifaa cha kuunganisha na simu, ushahidi wote umekwenda. Fundi anaanza kutafuta gizani, na saa zake ni pesa yako.

Ikabidi tufunge geji ya presha kwenye njia ya mafuta. Gari likiunguruma limesimama, 46 psi, safi kabisa. Wengi huishia hapo. Sisi tuliibana geji chini ya waipa ili tuisome tukiwa ndani, tukapanda nalo kuelekea mjini. Katikati ya mlima sindano ikaporomoka hadi 25. Tulipofungua tangi, chujio la pampu lilikuwa jeusi, limeziba kwa tope. Pampu yenyewe nzima. Plagi za zamani, alizokuwa nazo bado kwenye buti, nazo nzima.

Kuna Noah tuliyoletewa, nayo inakosa nguvu, mwenyewe ameshaambiwa anunue pampu ya mafuta. Ringi ya mbele kushoto ilikuwa ya moto, mkono haukai: kalipa, kile kibanio cha breki, imekwama, breki inashika safari nzima. Hilo mashine haikuambii.

Hizo 30,000 ni pamoja na safari ya mlimani, na ukitengeneza kwetu tunazikata kwenye bili. Taa ikiwaka, ipige picha, kumbuka ulikuwa unapanda au unashuka na tangi lilibaki na mafuta kiasi gani. Ikiwa inapepesa, inawaka na kuzima mfululizo, paki pembeni utupigie. Vinginevyo lilete gari na taa yake hivyo hivyo.