Kabla hujapanda treni ya Dodoma

Mama yangu,

Marahaba. Shikamoo yako ya jana usiku niliipokea, ila simu ilikatika kabla sijakujibu la maana, na baadaye nikaona heri hivyo, kwa sababu niliyotaka kukwambia hayasemeki kwa dakika za bando. Mdogo wako anayachapa haya kwenye simu yake huku nikimsomea kutoka daftarini. Ukikuta herufi zimerukwa, ni zake. Ukikuta ukali, ni wangu.

Umesema umeitwa tena usaili: Mhandisi Daraja la II, Ujenzi, Dodoma. Hii ni mara ya tatu. Ya kwanza hukuvuka mchujo. Ya pili ulivuka, ukaingia mahojiano, ukatoka ukiambiwa jina lako liko kanzidata, na hiyo kanzidata mpaka leo haijakupigia simu. Safari hii, ukasema, umejipanga: una PDF ya maswali mia nne kutoka kwenye grupu la WhatsApp na unayameza hamsini kwa siku. Hapo nilinyamaza, wewe ukadhani mtandao umekata. Ulikuwa bado haujakata.

Nimeyapitia yale kumi uliyonitumia. Mawili yana majibu ya uongo. Lile la slampu, kipimo cha ulaini wa zege bichi, wamesema koni inajazwa kwa tabaka nne. Ni tatu, kila tabaka linachomwa kwa fimbo mara 25, na koni yenyewe ina urefu wa milimita 300. Lile la mchemraba wa zege wameandika unavunjwa siku ya 21. Wewe umeivunja michemraba hiyo kwa mikono yako ukiwa mafunzoni, siku ya 7 na siku ya 28, halafu unakubali kufundishwa na mtu usiyemjua aliyeweka picha ya gari kwenye wasifu wake! Usiyatupe maswali hayo, mchujo una maswali mengi na muda mchache, na kasi haiji bila mazoezi. Ila yafanye kwa saa mezani, na kila utakalokosa liandikie daftarini kwa nini umelikosa. Mia yaliyofanywa hivyo yatakufaa kuliko mia nne uliyoyameza.

Halafu fungua tangazo la kazi. Sifa ziruke, hizo unazo. Soma majukumu. Tangu nilipokuwa kazini wamekuwa wakiandika karibu yale yale: kufanya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa, kuingiza na kuchambua takwimu za barabara na za magari yapitayo, kuandaa michoro, kufanya usanifu. Watu wanayapita hayo wanakimbilia mshahara. Mimi ningekuwa wewe ningeyaandika kwenye karatasi kubwa, kila jukumu na ukurasa wake, chini yake nijaze nilichokifanya mimi mwenyewe, hata kama ni kuhesabu maroli ya korosho ukiwa umekaa chini ya mkorosho na kalamu isiyoandika vizuri. Swali lolote watakalokuuliza litaangukia kwenye moja ya kurasa hizo.

Sasa nije kwenye lile la mahojiano. Uliniambia jopo lilikuuliza utajuaje kama udongo wa pembeni mwa kalavati umeshindiliwa vya kutosha. Ukawapa tafsiri ya kipimo cha Proctor, kile cha maabara cha kujua udongo unaweza kushindiliwa mpaka wapi, neno kwa neno, kwa Kiingereza kizuri, wakakushukuru. Niliposikia walikushukuru haraka hivyo nilijua yameisha.

Ulikuwa darasa la nne. Likizo ya Juni ulikuwa unashinda nami kambini, kwa sababu mama yako alikuwa akimuuguza bibi. Kazi yako ilikuwa kushika ndoo ya mchanga mkavu uliochekechwa, na ulikuwa unanuna maana nilikukataza kuuchezea. Mimi naweka bamba lenye tundu juu ya barabara, nachimba shimo kwa patasi na kijiko, nakusanya kila punje ya udongo kwenye mfuko wa nailoni usipoteze unyevu, kisha nageuza chupa yenye koni juu ya tundu na kufungua. Mchanga unashuka, unajaza shimo, unasimama. Uliniuliza, "Baba, kwa nini unachimba shimo halafu unalijaza?" Nikakujibu kuwa shimo halina umbo, rula haiwezi kulipima, kwa hiyo mchanga ndio rula yake.

Mchanga ule tunajua uzito wake kwa kila sentimita ya ujazo. Ukijua umeingia gramu ngapi, umeujua ujazo wa shimo. Udongo uliotoka unaupima, unautolea hesabu ya unyevu, unapata densiti kavu, yaani uzito wa udongo bila maji kwa kila sentimita ya ujazo, na hiyo unaigawa kwa densiti kubwa kabisa ambayo maabara waliipata kwa Proctor. Hayo yote uliyashika ukiwa na miaka kumi. Mbele ya jopo hukulitaja shimo hata mara moja.

Kuna jambo lingine, hata mama yako halijui. Mdogo wako ndiyo analisikia sasa, ameacha kuchapa ananitazama. Chapa, mwanangu.

Mwaka sitautaja, barabara sitaitaja. Tulikuwa tunafukia kalavati la bomba, kipenyo milimita 900. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, mawingu yamejaa upande wa bahari, greda linasubiri, na mkuu wangu anataka njia ifunguliwe usiku ule ule. Nikapima upande mmoja. Kipimo kikakosa kidogo, mama, kidogo sana. Dawa yake nilikuwa naijua: uliondoe tabaka, uuanike udongo mpaka unyevu upungue, ushindilie upya kwa tabaka nyembamba, pande mbili zikipanda pamoja ili bomba lisisukumwe. Kazi ya siku nzima kama jua lipo. Nikaandika kimepita. Upande wa pili sikupima kabisa. Nilinakili namba za upande wa kwanza, nikazibadilisha kidogo zionekane ni nyingine.

Masika yale yale pakatitia. Hapakuwa padogo wala pakubwa, kama kina cha kiwiko. Mwenye pikipiki mmoja alipakuta usiku akiwa amempakia mkewe. Yeye aliinuka. Mkewe mguu wa kulia haukurudi kama ulivyokuwa. Nilikwenda kuwaona na kilo mbili za sukari, nikasema natoka barabarani, sikusema zaidi. Pale mahali palifumuliwa pakarudiwa. Ile karatasi yangu hakuna aliyeiuliza, na ninayo hofu kwamba mpaka leo imo kwenye faili mahali fulani, imepigwa muhuri.

Wakikuuliza tena kuhusu kushindilia, waeleze shimo, mchanga na mizani, halafu waeleze utafanya nini kipimo kikikosa kidogo saa kumi na mbili jioni na mkuu wako amesimama nyuma yako. Tafsiri ya Proctor watakuwa wameshaisikia tangu asubuhi kutoka kwa wenzako wote.

Na upande wa maji usiuache. Mei 2024, mvua na kile kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, wewe ulikwama kule Somanga na begi lako, ukatutumia picha mpaka simu ikazima. Zitafute picha zile. Tazama maji yalipandia wapi na yalichimbia wapi, upande wa juu au upande wa chini wa tuta. Ile kanuni yenu ya C, I na A, ya kukadiria maji ya mvua yatakayofika kwenye kalavati, ninaijua mpaka pale unapotakiwa kuchagua C, ile sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama ardhini, na hapo ndipo wengi wanapobahatisha. Jiulize pori lililokatwa kuwa shamba la ufuta linaibadilisha vipi C, na tundu la kalavati lililotosha miaka thelathini iliyopita kwa nini leo linazidiwa. Ukiweza kuyasema hayo kwa utulivu, kwa Kiswahili au Kiingereza, utakuwa umejibu maswali matano kwa mkupuo.

Vyeti. Hapa nitakuwa mfupi, lakini ndipo watu wanaporudishwa mlangoni wakilia. Beba vyeti halisi vyote, cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, cha shahada, na kile cha Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Hati za matokeo hawazipokei. Kwenye cheti chako cha kuzaliwa jina la babu yako limepungua herufi moja. Kosa hilo ni langu, nilimwandikia karani huku nikikimbilia gari. Kama kiapo cha majina ulichokitumia mara ya pili kimechakaa, nenda kwa wakili wiki hii, usingoje ya safari. Kitambulisho cha taifa kiweke mbali na pesa, kwa sababu wewe ukitoa pesa unatoa na vingine vyote.

Yule kijana anayedai ana mtu wake ndani na anataka laki tatu, mwambie baba yako amesema ampigie yeye. Namba yangu mpe. Ninamsubiri kwa hamu.

Nauli nimekutumia ya ufuta, mnada wa kwanza ulikwenda vizuri kiasi. Chakula na malazi ni juu yako, serikali haikulipii kwenda kufanya usaili, kwa hiyo usilale hotelini wakati shangazi yako yupo Area C. Panda treni ya umeme, siku moja kabla, ya mchana. Ukifika nenda kwanza ukaone kilipo chumba cha usaili, ndipo uende kwa shangazi. Ule mji una upepo wa baridi miezi hii na vumbi lake ni jekundu. Vaa viatu vilivyofungwa.

Mama yako anakusalimu. Anauliza kama utapita nyumbani kabla ya kuondoka au baada ya kurudi. Nimemwambia baada, naye amenuna.

Kabla ya Jumapili nijibu hesabu hii, na usiulize grupu. Udongo mbichi uliotoka shimoni, gramu 3,150. Mchanga ulioingia shimoni, ukishaondoa ule wa kwenye koni, gramu 2,250. Densiti ya mchanga, gramu 1.5 kwa sentimita ya ujazo. Unyevu, asilimia 14. Densiti kavu kubwa kabisa ya maabara, 1.95. Maelekezo ya kazi yanataka asilimia 95. Sikutazama popote kuzipata namba hizi. Nitumie hesabu yote, mstari kwa mstari, na mwisho uandike kwa mkono wako: kipite, au kisipite.

Ni mimi baba yako.