Kabla tipa haijamwaga udongo kwa ploti yako

Kila mwaka kabla mvua ya Machi ianze simu yetu huwa haitulii, na wengi wanaopiga wako na story moja. Kuna mahali wanachimba msingi wa gorofa ama barabara inapanuliwa, kontrakta anatoa udongo bure ama kwa bei ya soda, niletee tripu kadhaa nirundike kwa ploti zingoje nikianza kujenga. Na utaanza kujenga lini? "Disemba hivi, ama mwaka ujao, Mungu akipenda." Sisi hapa Kisumu tuko na tipa mbili na bakho (mashine ya kuchimba na kuchota) ya kukodisha, kazi ni kazi, tungesema tu sawa boss na kuwasha gari. Lakini tumeitwa mara nyingi sana kuondoa udongo ambao ni sisi wenyewe tulimwaga, alafu mteja analipa kupakia, analipa kusongesha, analipa kumwaga tena, ule udongo wa bure umekuwa ghali kuliko maramu (udongo wa changarawe) ya kununua.

Kwa hivyo siku hizi tunauliza maswali mawili kabla ya kuzungumza bei: rundo litakaa wapi, na litatokaje hapo. Kama huna jibu, afadhali tungoje.

Niwape ya mama mmoja wa Nyamasaria. Ploti yake iko chini, na yule anajua ile mvua ya 2020 venye ilifanya upande wa Kano na Nyamasaria hahitaji kuelezwa kwa nini alitaka kuinua levo. Akapata udongo wa bure mwezi wa Januari, tukampelekea tripu 28. Akatuambia tumwage pale nyuma kabisa kando ya ukuta wa jirani ili mbele pabaki wazi, atapanda sukuma kidogo akingoja pesa ya mjengo. Nisiseme uongo, dereva wetu hakubisha, alirudi nyuma na tipa hadi karibu aguse mawe, akainua bodi. Aprili mvua ikakuja. Maji yakasimama kati ya rundo na ukuta, udongo ukalowa ukawa mzito, na ule ukuta ukaanza kuinama upande wa jirani. Ulikuwa wa mawe ya kawaida bila nguzo, ulijengwa kusimama peke yake, haukujengwa kuzuia udongo. Jirani naye ni mzee mpole lakini siku hiyo upole uliisha. Tulienda na bakho kwa matope, tukachota usiku na mchana, na ukuta ukarudiwa karibu mita sita.

Na bado haikuwa imeisha, kwa sababu tulipoanza kuchota ndio tukaona katikati ya rundo ni blak koton tupu, ule mfinyanzi mweusi. Tripu za kwanza zilikuwa udongo mwekundu mzuri, hizo ndizo mama aliona akafurahi, za katikati ni zile mtu wa saiti alipenyeza akijua hakuna anayeangalia.

Kujua udongo wenyewe ni upi

Blak koton ndio ugonjwa wa huku kwetu nyanda za chini. Ikinyesha inanyonya maji na kufura, jua likiwaka inakauka inapasuka mipasuko unaweza kuingiza kidole. Ukijaza nayo chini ya nyumba, sakafu inainuliwa na kushushwa kila msimu hadi ipasuke, ndio maana mafundi wanaichimba na kuitoa kwanza kabla ya kuweka hadkoo (mawe ya kujaza chini ya sakafu). Sasa fikiria wenye gorofa wanailipia itolewe kwa saiti yao, na wewe unaipokea kwako kwa furaha ati ni bure.

Huhitaji maabara kuishuku. Chukua konzi moja, lowesha, uifinyange kama unga wa chapati. Kama inakuwa uzi mrefu mwembamba usiokatika na inang'ang'ania vidole hadi uoshe na sabuni, hiyo ni mfinyanzi sana. Ama tia udongo kwa chupa ya maji, tikisa, weka dirishani: mchanga unashuka ndani ya dakika moja hivi, ile laini inafuata kwa masaa, mfinyanzi unaweza kubaki umeelea hadi kesho yake na maji bado ni chai ya maziwa. Fanya hivo kwa tripu ya kwanza, ya kumi na ya ishirini. Kama ni nyumba kubwa ama nyumba nyingi, peleka sampuli kwa maabara ya udongo, injinia wako ataitaka tu mwishowe.

Harufu pia ni kipimo. Udongo uliotoka mahali palikuwa na gereji unanuka oili, uliotoka karibu na jalala unakuja na nailoni, chupa na sindano. Huo usishuke kwa ploti hata kidogo, mwambie dereva afunge bodi arudi nao. Ukishamwagwa kwako ni shida yako.

Kuna kitu kingine watu wa mjini hawafikirii. Kama unaleta udongo wa juu wa shamba kwa sababu ya bustani ama mahindi nyuma ya nyumba, uliza ulitoka shamba gani. Ukiwa na mbegu za kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi ya mazao, umejiletea adui. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, huzioni, na zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikingoja tu mzizi wa mahindi ama mtama upite karibu. Wakulima wa Siaya na Busia watakwambia.

Hesabu ya nafasi

Hii ndio inashangaza wateja wetu wengi, kwa hivyo nitaenda polepole.

Chukua ploti ya 50 kwa 100, hiyo ni karibu mita za mraba 465. Unataka kuinua yote nusu mita. Ni mita za ujazo kama 232, lakini hizo ni za udongo ulioshindiliwa, na udongo ukichimbwa unafura, unabeba hewa, kwa hivyo kwa tipa unahitaji kama robo zaidi ama hata kuliko robo. Tuseme 300. Tipa yetu ya magurudumu kumi inabeba kama mita 10 za ujazo, hiyo ni tripu 30 hivi. Sasa zirundike zote mahali pamoja. Ukienda juu mita mbili na ukiacha mteremko salama, yaani kila mita moja ya kwenda juu inatoka nje mita moja na nusu, rundo linataka msingi wa karibu mita 14 kwa 17. Hiyo ni nusu ya ploti! Na ploti yenyewe upana wake ni mita 15 na kidogo, kwa hivyo kila upande umebaki na nafasi ya mtu kupita akiwa amejibana, kandokando ya kuta za majirani wawili. Lori la mawe litapitia wapi? Mafundi watachanganyia simiti wapi?

Ndio maana kwa ploti ndogo tunasema usirundike, ngoja, ama kama udongo ni mzuri na ramani iko tayari tutandaze mara moja. Tunatoa nyasi na udongo wa juu kwanza, tunaweka huo udongo tabaka la sentimita 15 hadi 20, rola inapita, alafu lingine. Inachukua siku zaidi lakini hakuna kubeba mara mbili. Rundo ni kitu cha wenye nafasi, ekari nusu kwenda juu, ama wenye kujenga nyumba kadhaa kwa awamu, hao kweli inawasaidia kwa sababu udongo wa nyumba ya tatu unaweza kupatikana wakati wa nyumba ya kwanza.

Kama umeamua kurundika

Kwanza ramani. Usiweke rundo mahali nyumba itakaa. Udongo uliolegea una kama tani moja na nusu kwa kila mita ya ujazo na ukilowa ni zaidi, kwa hivyo rundo la mita mbili linakandamiza ardhi na tani tatu na zaidi kwa kila mita ya mraba. Likikaa mwaka mzima juu ya udongo laini, ardhi ya chini inashuka. Baadaye unajenga nusu ya nyumba pale palipokandamizwa na nusu pale hapakuguswa, na nyufa zinajua mahali pa kupita. Mainjinia wenyewe hutumia huo uzito makusudi wakitaka kukaza ardhi mbovu, lakini wao hufunika eneo lote la jengo na wanapima kila wiki inashuka vipi, si kumwaga tu na kwenda Nairobi.

Usiweke juu ya septiki, juu ya paipu ya maji ya KIWASCO wala kwenye shina la ule mwembe unataka ubaki, mizizi inataka hewa. Na tafadhali sana angalia juu. Bodi ya tipa ikiinuliwa inafika mbali, na tumekataa saiti mbili tayari kwa sababu mwenyewe alitaka tumwage chini ya waya za stima. Ukutani tunaacha umbali usiopungua kimo cha rundo. Kama ploti inapakana na mto Auji ama ule wa Nyamasaria usisogee kule kabisa, sheria za maji zinalinda kingo za mito kuanzia mita 6 hadi 30 kila upande kulingana na mafuriko yalifika wapi, na ata bila sheria, mto ukijaa utaubeba udongo wako uwapelekee watu wa kule chini.

Udongo wa juu na wa kujaza uwe marundo mawili. Ukichanganya umeharibu vyote, wa bustani unakuwa mgumu na wa kujaza unakuwa na mizizi inayooza na kuacha mashimo. Ule wa juu usizidi mita mbili, na mashine isiukanyage, ukishindiliwa na kukosa hewa vile vijidudu vinavyoupa rutuba vinakufa.

Wa kujaza ndio tunaufunga. Bakho inapiga mgongo wa ndoo juu na kando hadi uwe laini, na juu tunaacha umbo la mgongo wa kobe ili mvua ya saa kumi jioni iteleze isitulie. Rundo lililoachwa na mashimo ya ndoo juu yake linakunywa maji kama sponji, na siku ya kutandaza utakuta nje pamekauka, ndani ni uji. Tukifika kwa saiti tunachota kutoka katikati tunakaza ngumi: ukibaki donge na ukivunjika vipande viwili safi, twende kazi. Maji yakitoka kwa vidole tunautandaza ukauke siku mbili tatu, na hizo siku rola inalala na inalipwa.

Kuzunguka rundo chimba mtaro wa kina cha jembe, na pale maji yanatokea weka magunia ya mchanga ama mafungu ya nyasi yachuje matope. Msimu mmoja tu wa mvua unatosha kuziba kalvati ya njia yenu, na maji yakiingia kwa nyumba za watu hawatauliza wingu, watauliza udongo ni wa nani. Palipotuama maji pafukie, mbu wa Kisumu hawahitaji kusaidiwa. Kama litakaa zaidi ya miezi michache panda nyasi, na usishangae kukuta mchwa wamejenga ama mbuzi wa mtaa wamehamia juu. Mbuzi hawana neno. Watoto ndio wafukuzwe, wanapenda kuteleza na kuchimba mapango kwa kando, na pango la udongo likiporomoka halitoi onyo.

Makaratasi, kwa ufupi: kama ni mradi wa nyumba nyingi basi lazima kuna leseni ya NEMA, wale wa mazingira, hakikisha marundo yameandikwa kwa mpango wa kulinda mazingira na uyaweke pale mpango unasema. Kama ni nyumba yako moja pitia ofisi ya kaunti uulize kabla, kanjo wakisimamisha tipa njiani hatutaki wewe uwe unatafuta karatasi na sisi tunachoma dizeli. Na matope yanayoanguka barabarani tunayafagia sisi, hiyo iko ndani ya bei.

Ukitupigia tutakuja kwanza bure na kamba na vijiti, tunachora rundo chini ukiona kwa macho yako litameza nafasi gani. Wateja kama wanne wamebadilisha mawazo hapo hapo wakiwa wamesimama ndani ya kamba. Uwe na ramani, ata ya kuchora na kalamu, na utuonyeshe udongo unatoka wapi tuupime kabla ya tripu ya kwanza. Siku imenyesha hatuleti, usikasirike. Tipa ikizama kwa blak koton inavutwa na bakho, na hiyo haiko kwa kotesheni.