Kwa mdogo wangu uliyeko Lubumbashi

Mdogo wangu,

Mama ameniuliza tena kama tumeshaongea. Simu zangu hupokei, ujumbe unasoma unanyamaza, basi nakuandikia hapa ambapo najua utapita.

Kwanza ahsante kwa kunipeleka soko la Kenya, hapo hapo Lubumbashi. Vile viwavi vilivyokaushwa, vyeusi, vinapimwa kwa kopo, nilidhani sitavigusa. Ukavikaanga kwa kitunguu na nyanya, nikala na bukari, ugali wa huko kwenu, nikaongeza. Na kikanda! Yule mama alikikata kwa kisu kilicholowa, kipande cha kahawia, kinashikana kama maini yaliyoiva, kinanukia karanga, pilipili inakuja mwishoni. Nilikula nimesimama. Akanieleza vizuri kabisa: mizizi inachimbwa porini, inakaushwa, inatwangwa, inachanganywa na karanga za kusaga na magadi, inapikwa mpaka igande. Nyama haimo hata kidogo.

Ndipo akauliza, "Mgeni katoka wapi?" Na wewe, mtoto wa Ujiji, ukaniwahi: "Dar es Salaam. Sisi watu wa Dar."

Mbele ya dagaa! Meza ya pili tu pale, muuzaji anawasifia kwamba wametoka Moba. Ziwa letu hilohilo, Tanganyika. Ada yako ya shule ililipwa na dagaa wa Kibirizi pale Kigoma, mama anawageuza juani, mimi na wewe tunafukuza kunguru. Nilikutazama usoni nikasubiri ucheke. Hukucheka. Ukafungua pochi ukalipa.

Ndiyo, nilisema kwa sauti kwamba sisi ni Waha wa Kigoma na baba yetu alikuwa mvuvi. Ulisema nilikuaibisha mbele ya wifi zako. Kwa lipi hasa? Najua ulivyosumbuliwa huko Dar, kila ofisi wanakuuliza kama wewe si Mrundi, watu wanakucheka eti umetoka mwisho wa reli. Mimi pia niliulizwa. Nililia nawe chumbani, unakumbuka. Lakini yule mama wa kikanda hakukucheka. Alikuwa anakuuliza kwa wema, mkono wake umenyoosha chakula.

Niliporudi niliulizia ile mizizi. Kumbe ni ya maua ya okidi, na hapa kwetu inachimbwa Nyanda za Juu Kusini, Makete na Kitulo, inavushwa Tunduma kwenda Zambia. Uchimbaji ulitishia maua yale, na mwaka 2005 Kitulo ikawa hifadhi ya taifa. Watu wanavuka mipaka kufuata mizizi ya nchi yetu, wewe unaificha yako sokoni.

Watoto wako waambie kwao ni wapi, bado wadogo, watalipokea. Wapikie mgebuka, yule samaki wa kwetu, kwa mawese kama mama anavyoupika, usiuzidishie nyanya. Nasema hivi kwa sababu ni mimi niliyekubeba mgongoni, na mtu aliyekubeba hawezi kusikia unamkana mama yako akatazama pembeni. Ningenyamaza, ningerudi nimwambie nini?

Ulinipokea vizuri, sisemi uongo. Kitanda chako ulinipa mimi, ukalala chini na watoto. Ndiyo maana iliniuma zaidi.

Mama amekufungia dagaa, mtu anavuka nao kwenda Kalemie Jumamosi. Atakupigia mwenyewe kukuelekeza. Yangu usipokee kama hutaki, ya kwake pokea.

Dada yako.