Kilo zilizorudi: barua kwa mwanangu

Mwanangu Neema,

Marahaba. Kipeperushi ulichonitumia nimekisoma chote, cha hao wanaotaka wakupime damu na mate ili wakwambie kama mwili wako utabaki mwembamba au la. Jibu langu: usilipe. Ila nataka ujue sababu, maana wanachouza wamekichota kwenye utafiti wa kweli, na ndiyo maana kinashawishi.

Kwanza hizo kilo zilizorudi. Unasema umekuwa mvivu tangu harusi ipite. Mimi nimezeekea maabara, na uvivu siuoni hapo. Mtu akipungua, mafuta yake hutoa leptini pungufu kuliko awali. Hiyo ni homoni inayouarifu ubongo kwamba akiba ipo. Jeni yake iligunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake kule New York. Leptini ikishuka, ubongo hudhani njaa imeingia nchini. Grelini nayo, homoni ya tumboni inayoamsha hamu ya kula, hupanda.

Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walitoa matokeo ya watu waliokula chakula kidogo mno kwa wiki 10 wakapungua kilo zaidi ya 13 kwa wastani. Mwaka mmoja baadaye homoni zao nyingi za njaa na shibe zilikuwa bado hazijarudi mahali pake, na njaa waliisikia kuliko kabla hawajaanza. Mwaka mzima, Neema! Na wewe unajilaumu kwa sababu wali wa jioni unakuita.

Sasa, je, damu inaweza kutabiri nani atadumu na uzito mpya? Wengi wamejaribu. Wamepima leptini kabla ya mtu kuanza kujinyima, wamepima grelini, insulini, na mengine mengi. Utafiti mmoja ukisema leptini kubwa mwanzoni ni dalili ya kilo kurudi, mwingine hauioni dalili hiyo. Na hata pale uhusiano unapoonekana, ni wa wastani wa kundi zima. Ukimchukua mtu mmoja mmoja, kipimo kinapwaya.

Mfano unaonifurahisha ni wa wale washindani 14 wa shindano la kupungua la televisheni kule Marekani, ambao Kevin Hall na wenzake waliwafuatilia kwa miaka sita na kuchapisha mwaka 2016. Walipungua kilo 58 kwa wastani, kisha kilo 41 zikarudi. Miili yao, ikiwa imepumzika, ilikuwa bado inatumia karibu kilokalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo lao. Ungedhani basi wale ambao miili yao ilipunguza matumizi zaidi ndio walionenepa zaidi. Haikuwa hivyo. Waliofanikiwa kubaki na uzito mdogo ndio ambao miili yao ilibana matumizi zaidi. Mwenye kipeperushi angewapima hao na kuwatabiria kushindwa.

Mwaka 2024 watafiti wa Zurich walionyesha kwamba seli za mafuta hubaki na alama za unene wa zamani kwenye utendaji wa jeni hata baada ya mtu kupungua. Jambo zito, lakini alama hizo walizitafuta ndani ya mafuta yenyewe. Kwenye mate hutazipata.

Kipimo ambacho ningekugharamia mimi ni sukari ya asubuhi kabla hujala kitu. Ni cha bei ndogo, kipo karibu kila kituo cha afya, na kinaweza kukuelekeza chakula. Uchambuzi wa majaribio ya Ulaya ulionyesha kwamba watu ambao sukari yao ilishaanza kupanda kabla ya kupungua walinufaika zaidi na vyakula visivyopandisha sukari haraka: kwa hapa kwetu, dona badala ya sembe, kunde, choroko, mboga za majani. Ongeza dagaa na maharage, maana jaribio kubwa la nchi nane za Ulaya, la mwaka 2010, lilikuta kwamba waliozidisha protini kidogo na kuchagua wanga usiopandisha sukari haraka ndio walioshikilia uzito wao vizuri zaidi.

Tembea pia. Kule Marekani kuna daftari la watu waliopungua na kudumu hivyo kwa miaka, na wengi wao hufanya mazoezi karibu saa moja kwa siku, na wengi hupanda mizani angalau mara moja kwa wiki. Saa moja ni nyingi kwa mtu anayetoka kazini magharibi, najua, kwa hiyo igawe: shuka daladala kabla ya kituo chako, asubuhi na jioni.

Kama unachoka kupita kiasi au unasikia baridi wenzako wakisikia joto, mwambie daktari akupime na tezi ya shingo. Majibu ya sukari ukiyapata, nipigie picha na namba zake zote, pamoja na saa uliyokula mara ya mwisho.

Mama anakusalimu, na mkwe wangu mpe salamu zangu.

Baba yako